Kuanza uuguzi katika umri wa makamo

Anayeanza masomo ya uuguzi akiwa na miaka 35 au 40 ama ameacha kazi nyingine, ama kazi nyingine imemwacha yeye. Mtopanga, wadi ya eneobunge la Kisauni katika bara ya kaskazini ya Mombasa, aghalabu huwa ni hali ya pili. Wakazi wake wamekula kwa mishahara ya hoteli za Bamburi na Shanzu, vibarua vya viwandani na bandarini, uwakala wa M-Pesa na biashara za kando ya barabara. Hoteli ziliyumba kila nchi za Ulaya zilipowaonya raia wao wasije Pwani, kisha korona ikaingia Machi 2020 na milango ikafungwa kabisa. Kabla ya hapo, reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 ilikuwa imeanza kubeba kontena hadi Nairobi, na kazi nyingi za malori, mabohari na ukarani wa mizigo zikafuata huko huko. Wapo pia waliorudi kutoka Saudia na Oman, walikouguza wazee wa watu miaka na miaka bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba hiyo ni kazi wanayoijua.

Kuna kundi jingine, na ndilo lenye hoja nzito zaidi. Hao ni wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa rasmi nchi nzima Septemba 2023 wakiwa takriban 100,000. Hupita nyumba kwa nyumba na mikoba yao, wakapima presha na sukari, wakafuatilia wajawazito na chanjo za watoto, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kuna mwanamke wa namna hii ambaye majirani humwita daktari tangu watoto wake wakiwa wadogo. Anapoulizia chuo cha uuguzi haanzi jambo jipya. Anataka jina, leseni na mshahara wa kazi ambayo tayari anaifanya nusu.

Dhana kwamba uuguzi ni masomo ya wasichana waliomaliza kidato cha nne juzi ni changa kuliko watu wanavyodhani. Florence Nightingale alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, umri uliopendelewa kwa wanafunzi ulikuwa miaka 25 hadi 35. Mary Seacole wa Jamaika, aliyezaliwa mwaka 1805, alikuwa anagonga miaka 50 alipofika kwenye vita vya Krimea kuuguza askari. Pwani nayo ilikuwa na kanuni yake, ingawa haikuandikwa popote. Mkunga wa jadi, awe wa Kiswahili au wa Kimijikenda, alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuzaa na kulea. Msichana asiyejua uchungu hakuitwa usiku wa manane kumshika mzazi. Mafunzo yalipofungwa pamoja na cheti cha shule ya sekondari, umri wa kuanza ukashuka, na mtu mzima akageuka mgeni katika kazi iliyokuwa yake. Priscilla Sitienei wa kijiji cha Ndalat, mkunga kwa zaidi ya miaka 60, aliipita njia hiyo kinyumenyume: aliingia shule ya msingi akikaribia miaka 90, akaketi dawati moja na watoto ambao baadhi yao aliwapokea mwenyewe walipozaliwa. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99.

Masharti ya kujiunga hayataji umri wa mwisho; yanataja gredi. Chuo kikubwa zaidi ni KMTC, Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu cha Kenya, kilichoanza mwaka 1927 na chenye kampasi kisiwani Mombasa, jirani na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani. Kwa stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii mwombaji hutakiwa awe na wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika biolojia, na C- katika hisabati, kemia au fizikia. Hapa ndipo wengi wa rika hili hukwama. Mtihani waliufanya miaka 20 iliyopita, wakati wazo la hospitali halikuwapo. Wapo waliopata C- na kuridhika nayo kwa sababu hoteli haikuuliza. Wapo ambao cheti chao kimebaki kabatini kwa mwalimu mkuu kwa ajili ya salio la karo. Cheti kinaweza kukombolewa kwa kulipa. Gredi haikomboleki ila kwa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, jambo ambalo Baraza la Mitihani linaliruhusu lakini ambalo watu wazima wachache wana moyo wa kulifanya.

Pengo hilo ndilo linalovilisha vyuo vya ghorofani vinavyotangaza uuguzi wa miezi sita. Kozi fupi ya msaidizi wa muuguzi si upuuzi. Humfaa anayetaka kutunza wazee majumbani na hufundisha mengi ya maana. Lakini haimfanyi mtu kuwa muuguzi. Kwa sheria ya Kenya, Sura ya 257, muuguzi ni aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi baada ya kusomea chuo kilichoidhinishwa na kufaulu mtihani wa baraza. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa si siri, na kuitazama kabla ya kulipa ni kazi ya dakika chache. Kijana aliyepoteza mwaka kwa kozi isiyotambulika hukasirika, akaanza tena. Mtu wa miaka 40 aliyeuza kiwanja kwa kozi hiyo hiyo hana kiwanja kingine.

Darasani penyewe hofu kubwa ni ya kichwa: kwamba akili imeshika kutu. Hofu hiyo imetiwa chumvi. Mifupa ya mwili ni 206 kwa mwenye miaka 19 na kwa mwenye 41. Kijana hukariri upesi na kusahau upesi. Mkubwa hukawia kushika, lakini akishapata kitu cha kuliegemezea jambo, halimponyoki tena. Hesabu za dawa, ambazo huwatoa wengi jasho, mara nyingi humwendea vizuri aliyewahi kufunga mahesabu ya duka. Mgonjwa akiandikiwa mililita 1,000 za dripu kwa saa 8, na mpira unaotumika ukitoa matone 20 kwa mililita, jibu ni matone 42 hivi kwa dakika. Aliyekaa miaka kumi kwenye kibanda cha M-Pesa, ambako kosa la sifuri moja hulipwa kutoka mfukoni, huikagua hesabu kama hiyo mara mbili bila kuambiwa. Kinachomsumbua zaidi ni kompyuta, pamoja na kuandika kazi za kitaaluma kwa Kiingereza ambacho hakukitumia tangu shuleni isipokuwa kuwakaribisha wageni mezani. Hayo nayo hufundishika.

Wodini mambo ni magumu zaidi, na si kwa sababu ya damu. Mtu mzima aliyelea, akauguza mzazi wake hadi mwisho na akaosha maiti ya jamaa hashtuki kwa yale yanayomtoa kijana nje akitapika. Somo la kwanza la vitendo huwa ni kutandika kitanda, na aliyekuwa mhudumu wa vyumba hotelini hukunja pembe za shuka kwa namna ambayo mwalimu hana la kuongeza. Akiisha kusifiwa hufundishwa kukitandika kitanda kile kile mgonjwa akiwa amelala juu yake, na hapo sifa huisha. Ugumu wenyewe umo katika kukaa chini ya aliye mdogo. Msimamizi wa wodi anaweza kuwa na miaka 28, na ndiye anayeamua nani abebe beseni, nani arudie kunawa mikono, nani aandike ripoti upya. Nyumbani rika la msimamizi huyo humpa mwanafunzi shikamoo. Kazini mwanafunzi ndiye husimama na daftari akisubiri kuulizwa. Wanaofika mwisho ni wale wanaoelewa mapema kwamba heshima ya umri na heshima ya cheo ni mbili, na kwamba kuipa ya pili haki yake hakuiondoi ya kwanza. Wenzake wa darasani humwita mwanafunzi huyo Mama Fulani, kwa jina la mwanawe, na kwa kawaida humchagua mweka hazina wa darasa kabla hajajua majina yao.

Lakini uzoefu wa maisha nao una sumu yake, na vyuo haviisemi vya kutosha. Mama wa watoto wanne anayeingia wodi ya wazazi huaminiwa na wagonjwa kuliko kijana mwenye sare ile ile, na imani hiyo ni hatari iwapo anachokisema kimetoka nyumbani na si darasani. Alimpa kifungua mimba wake maji siku ya kwanza, na mtoto sasa yuko kidato cha tatu. Kumwambia kwamba mtoto mchanga hanyweshwi chochote ila maziwa ya mama kwa miezi 6 ni kumwambia kwamba mwanawe aliponea chupuchupu. Aliweka majivu au mafuta kwenye kitovu kama mamake alivyofanya. Sasa anafundishwa kuweka klorheksidini na kuacha vingine vyote. Kijana asiyejua kitu hujazwa tu. Mkubwa hubomoa kwanza, tena hubomoa vitu alivyorithi kwa watu anaowapenda. Anayekataa kubomoa ni bora asipewe leseni, hata awe mpole namna gani kwa wagonjwa. Wanaume wa umri huu, ambao ni wachache, wana mtihani mwingine: kuvumiliwa na kina mama wa Pwani katika chumba cha kujifungulia. Wengi huvumiliwa, wakijua kuomba ruhusa na kungoja jibu.

Kisha kuna njia na nyumba. Kutoka Mtopanga kwenda kisiwani, iwe kwa barabara ya zamani ya Malindi au kwa barabara kuu, hapana pa kupita ila Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, na msongamano wa asubuhi hapo haujali zamu ya mtu. Masomo ni ya kutwa kwa miaka 3, na mazoezi ya hospitali yana zamu za usiku. Kisauni, ambako magenge ya vijana wenye mapanga yamewatesa watu kwa miaka kadhaa, kutembea alfajiri kutoka kituoni si jambo la kupuuza. Hosteli, inayoonekana anasa kwa mtu mwenye nyumba yake, wakati mwingine ndiyo akili. Karo ya mama hugongana na karo ya mwana mwezi ule ule. Methali ya kwamba elimu haina mwisho husemwa na kila mtu katika sherehe ya kumuaga mwanafunzi, na wengi wa wasemaji hawaonekani karo inapodaiwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hukopesha wanafunzi wa KMTC, na chama cha akina mama kinaweza kuziba pengo. Hata hivyo hakuna mkopo unaopika chakula cha jioni. Nyumba ambayo mume, mama mkwe na watoto wakubwa hawakukubaliana mapema nani atafanya nini, humrudisha mwanafunzi jikoni kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Mwezi wa Ramadhani, zamu ikiangukia magharibi, makubaliano hayo hupimwa kila siku.

Umri haumzuii mtu darasani, basi, wala wodini. Unamngoja nje ya lango la chuo akishahitimu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilikadiria kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, na wodi za Kenya hazikuwa nje ya upungufu huo. Lakini upungufu wodini si sawa na nafasi ya kazi. Tangu huduma za afya zilipohamia kaunti mwaka 2013, anayeajiri ni kaunti, na kaunti huajiri kwa kadiri ya bajeti. Ndiyo maana wauguzi waliosajiliwa hukaa nyumbani huku muuguzi mmoja akihudumia wodi nzima peke yake usiku. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu kuanzia Juni hadi Novemba, ulionyesha jinsi mambo hayo yalivyokaa. Mwaka 2021 serikali ilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza, lakini mlango huo una mtihani wa Kiingereza, na waajiri wa ng'ambo huomba uzoefu wa kazi ambao mhitimu mpya hana.

Kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60. Anayeanza chuo na miaka 20 akangoja ajira miaka mitatu amepoteza kipande kidogo cha maisha yake ya kazi. Anayeanza na miaka 40 humaliza na 43. Akingoja vivyo hivyo anaingia kazini na 46, akiwa na miaka 14 mbele yake, mkopo wa kulipa na watoto wanaoingia vyuo vyao. Hospitali za binafsi, zahanati za mitaani na utunzaji wa wagonjwa majumbani huajiri upesi zaidi, kwa malipo madogo, na mhitimu mkubwa ndiye anayefaa kuanza hapo bila kuona haya. Kwa hesabu hiyo, mwenye miaka 35 na gredi zinazotosha ana kila sababu ya kuomba nafasi mwaka huu. Mwenye miaka 45 na aombe ikiwa tu nyumba yake inaweza kula bila mshahara wake kwa miaka mitano au sita. Anayekaribia 50 na anayetegemea ajira ya kaunti anastahili kuambiwa ukweli kabla hajalipa karo: kaunti haitamngoja.