Hataza ya Mtumbwi

Mwaka 1905 akina Chestnut wa Fredericton, Kanada, walipata hataza ya mtumbwi wa mbao uliovikwa turubai. Hataza, yaani karatasi ya serikali inayosema: hiki ni changu, ukikiunda bila ruhusa tutaonana kortini. Wakamwandama kweli mshindani wao, kampuni ya Peterborough, ingawa kesi haikufika mbali. Mitumbwi ya aina hiyo ilikuwa ikiundwa Maine, upande wa Marekani, tangu miaka ya 1870.

Na hao wa Maine nao waliitoa wapi? Wabanaki, wakiwemo Wami'kmaq, walikuwa wameunda mitumbwi ya gome la mti wa birch kwa karne nyingi: gome nje, mbao nyembamba za mwerezi, mataruma ndani. Wazungu wakaweka turubai mahali pa gome. Umbo likabaki lile lile.

Mimi huu mtumbwi naupenda, na nimeujua kwa video tu. Taruma linalainishwa kwa mvuke, linakunjwa juu ya kalibu yenye mikanda ya chuma. Msumari ukipenya mbao na kugonga chuma, ncha yake inajikunja na kurudi ndani. Turubai linakuja mwisho, na likichakaa miaka mingi baadaye unalivua, unauvika mtumbwi jingine. Chestnut walikuwa na aina iitwayo Ogilvy, ya mito ya samoni: chini ni bapa, ili mwongozaji asimame na kusukuma kwa pondo dhidi ya mkondo bila kupinduka. Mbao ikigusa jiwe haipigi kelele kama aluminiamu, kwa hiyo samaki hashtuki.

Sasa, kuiga ni wizi? Mimi nasema hapana. Kama ni wizi, manze, sote tungekuwa ndani. Kinachonikera ni mtu kuingia kwa mlango aliofunguliwa, kisha akaufunga kwa kufuli.

Hataza ilikuwa kufuli dogo. Kubwa lilikuwa mtoni kwenyewe. Kwenye mto Restigouche, kuanzia 1880, matajiri wa New York walikuwa na klabu yao ya samoni, wakinunua kingo za mto pamoja na haki ya kuvua. Wami'kmaq waliwafanyia kazi ya kuwaongoza. Mdosi anakaa na fimbo yake, mwenye mto anasukuma pondo.

Halafu Juni 1981, mamia ya polisi na maaskari wa wanyamapori wa Quebec wakavamia kijiji cha Wami'kmaq cha Listuguj, mara mbili mwezi huo, wakabeba nyavu. Sababu: kuokoa samoni. Alanis Obomsawin, mwenyewe Mwabenaki, alitengeneza filamu kuhusu tukio hilo, ikatoka 1984.

Utaniambia wavu unaweza kumaliza samaki, na ndoano inatoa mmoja mmoja. Sibishi. Samoni walikuwa wanapungua kweli. Lakini sijasoma popote kwamba polisi waliivamia klabu. Uhifadhi unaoanza na mwenye mtumbwi wa kwanza, ukamwacha aliyenunua kingo, hapo mimi nauliza maswali.

Chestnut ilifunga mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo yeyote mwenye mwerezi na turubai anaweza kuunda Ogilvy yake, hakuna wa kumshtaki. Listuguj nao, miaka ya 1990, walitunga sheria yao wenyewe ya uvuvi, wakaweka askari wao mtoni.