Gari la Mkushi Lilisimama

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–39



Habari za yule towashi wa Kushi mwazijua tangu darasa la ubatizo. Tukilihubiri somo hili, desturi yetu ni kunena habari za maji, nayo ni desturi njema, kwa kuwa katika maji yale mtu wa bara letu alipokea ubatizo siku za mwanzo za Kanisa. Lakini Luka ametaja kitu kingine, naye amekitaja mara tatu ili tusikipite upesi, yaani gari la mtu yule. Leo tulitazame gari hilo, maana kwetu Mwanza motokaa zimekuwa neno kubwa vinywani mwa watu, na mioyoni mwao pia.

Simameni asubuhi kando ya njia kuu pale Buzuruga au Igoma, mkatazame. Motokaa nyingi zipitazo ni za Toyota. Watu wa Japani walizitumia kwanza, kisha zikaletwa kwa meli hata Dar es Salaam, na kutoka huko zikaendeshwa safari ya zaidi ya kilomita 1,100 hata kufika kwetu. Ziko Hiace za abiria, ziko Noah za wenye jamaa kubwa, ziko Probox zibebazo watu na mizigo mpaka vijijini, iko na IST ile ndogo ambayo kijana aliyepata kazi huitaka kwanza. Mwenye IST humtazama mwenye Harrier, na mwenye Harrier humtazama mwenye Prado. Mwenye Prado naye huota Land Cruiser ile kubwa, ambayo watu huiita V8 kwa ajili ya silinda zake 8. Je! mwenye hiyo ametosheka? La, yeye huitazama Range Rover. Hivyo macho ya mwanadamu hupanda ngazi isiyo na mwisho. Na vijana wetu wazijua motokaa hizi kwa mlio tu kabla hawajaziona, kama mchungaji wa Kisukuma amjuavyo ng'ombe wake kwa rangi na kwa pembe.

Basi Neno la Mungu latufundisha nini juu ya mambo haya? Nitasema maneno matatu.

Neno la kwanza: Kitu chenyewe si dhambi.

Yule Mkushi alikuwa mtu mkubwa, mwenye kuitunza hazina yote ya Kandake, malkia wake. Alisafiri garini, naye Filipo hakumwambia, Shuka, ukaliuze kwanza, ndipo nikufundishe. Maandiko hayamlaumu kwa gari lake hata neno moja. Tena tukumbuke maelezo ya Luther katika Katekismo Ndogo juu ya fungu la kwanza la Imani. Huko ametaja nguo na viatu, nyumba na shamba na mifugo, kuwa vyote twavipokea mkononi mwa Baba. Kama angeandika leo hapa kwetu, naamini motokaa isingekosa kutajwa. Akili ya fundi aliyeibuni na mkono wa fundi wa gereji anayeitengeneza ni vipawa vya Mungu yule yule.

Wala kuipenda kazi ya mikono si kosa. Land Rover ilionyeshwa kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na baadaye ikawa kama mwenyeji wa nchi yetu. Mwalimu Nyerere na wenzake wa TANU walisafiri kwa Land Rover walipokuwa wakidai uhuru. Katika Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika mjini Arusha na motokaa zao kwa mamia, za zamani na za sasa, wakazionyesha kwa furaha. Mtu akiitunza motokaa yake miaka 40, akaijua kila parafujo, asiitupe kwa sababu imezeeka, huo nao ni uaminifu katika jambo dogo. Wengi wetu twahitaji kujifunza uaminifu kama huo katika ndoa zetu.

Neno la pili: Motokaa ni chombo kizuri, bali ni mungu mbaya.

Katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529 Luther alifundisha ya kuwa kile ambacho moyo wa mtu hukitegemea na kukiegemea, hicho hasa ndicho mungu wake. Ninyi walimu wa dini mwayafundisha haya kila mwaka, pamoja na amri ya tisa na ya kumi zikatazazo kutamani mali ya jirani. Musa alimtaja ng'ombe na punda, kwa maana hao ndio waliowachukua watu na mizigo yao siku zile. Basi msimwache mwanafunzi afikiri ya kuwa amri hizo ni za wenye mifugo tu. Mwambieni waziwazi ya kuwa amri ile ile yasimama katikati ya macho yake na Harrier ya jirani.

Tazameni mfalme Sulemani. Sheria ilikuwa imekwisha kumwonya mfalme asijizidishie farasi, katika Kumbukumbu la Torati 17:16. Lakini Sulemani alikusanya magari 1,400, na gari moja lililoletwa kutoka Misri liligharimu shekeli 600 za fedha. Mtayasoma katika 1 Wafalme 10. Mkiendelea hata sura ya 12 mtawaona watu wakilia kwa uzito wa kongwa lake, na ufalme ukigawanyika vipande viwili. Tena Absalomu alijifanyizia gari na farasi, na watu 50 wapige mbio mbele yake. Siku ya shida yake gari lile halikumwokoa.

Msidhani ya kuwa haya ni ya wafalme tu. Yuko mtu ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi, naye amekopa fedha ili anunue motokaa. Ada ya watoto haipatikani, na mke aambiwa avumilie. Motokaa yaoshwa kila Jumamosi, nayo nyumba haina kioo dirishani. Na siku ambazo hana fedha ya petroli huiegesha mbele ya mlango, ili majirani waione tu. Ndugu, mtu huyu haendi popote kwa motokaa yake. Yeye ndiye anayeibeba.

Mungu ametupa mwalimu karibu nasi, nayo ni milima yetu ya mawe. Pale Mabatini nyumba nyingi zimejengwa juu katikati ya majabali, mahali ambapo njia ya motokaa haifiki. Mwenye motokaa huiacha chini, akapanda kwa miguu pamoja na mchuuzi wa dagaa, huku wote wawili wakihema sawasawa. Na huko Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa, imewekwa Rolls-Royce iliyowachukua wakuu wa serikali ya Kiingereza, na baada yao Mwalimu Nyerere. Wageni huizunguka wakiitazama. Waliokuwa wakiketi ndani yake wamekwisha kuondoka duniani, na viti vi vitupu. Je! tuuweke moyo katika kiti ambacho hatuna budi kukiacha?

Neno la tatu: Gari la Mkushi lilisimama.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Filipo alikwenda kwa miguu katika njia ya Gaza, njia ya jangwa. Bila shaka alikuwa na vumbi na jasho, maana twaambiwa alipiga mbio hata akalifikia gari. Mtu mkubwa kama yule angeweza kumwambia mwendeshaji aongeze mwendo. Lakini alifanya mambo matatu. Alimsikiliza mtu wa miguu. Alimsihi apande, akampa kiti karibu naye. Na walipoyafikia maji, aliamuru gari lisimame, akashuka yeye mwenyewe. Kama lisingalisimama, maji yangalipitwa, na mtu yule angalifika kwao na kitabu asichokifahamu. Alitoa kiti kimoja, akapokea uzima, kisha akaenda zake akifurahi.

Nanyi mwakumbuka jinsi ilivyokuwa pale Kigongo. Miaka mingi ghuba ilitutenga na Busisi, na mtu aendaye Sengerema au Geita hakuwa na budi kungoja kivuko. Motokaa ya bei kubwa ilingoja pamoja na lori la samaki na basi la abiria. Watu wakashuka, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3, na sasa twavuka kwa dakika chache. Twamshukuru Mungu kwa daraja hilo, hasa kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wakicheleweshwa na maji. Lakini fahamuni jambo hili: zamani maji yalitusimamisha, tupende tusipende. Leo yaliyokuwa yakitusimamisha yameondolewa, na kusimama kumekuwa kazi ya moyo.

Basi nawauliza ninyi mlio na motokaa. Jumapili mwinjilisti atembea saa mbili kutoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili, Biblia mkononi, na Wakristo wake wampita wakimtimulia vumbi. Je! gari lenu lilisimama? Mama mzee hurudi kutoka sokoni Kisesa na mzigo wake mvuani. Je! lilisimama? Usiku mke wa jirani ashikwa na utungu, nao wabisha mlangoni pako wakitaka wafikishwe Bugando. Nawe wafikiri kwanza juu ya viti vyako vipya, visije vikachafuka. Ndugu yangu, mtoto azaliwaye ana thamani kupita viti vyote vya Land Cruiser.

Wengine watasema, Siku hizi ni mbaya, kuna wanyang'anyi njiani. Hayo ni kweli, na hekima nayo ni karama ya Mungu. Siwaambii mmchukue kila mtu msiyemjua usiku porini. Lakini yule jirani mnayemjua jina lake, na yule mnayeshiriki naye kikombe kimoja cha Bwana, kwao hao mna udhuru gani?

Nanyi msio na motokaa, msidhani somo hili limewaacha. Filipo hakuwa na gari wala farasi, lakini yeye ndiye aliyekuwa na kitu ambacho mwenye gari alikikosa. Hakumwonea wivu, wala hakumsifu ili apate fadhili. Alimwuliza kama ayafahamu anayoyasoma. Enyi walimu wa dini, msione haya kulikimbilia gari la tajiri kwa miguu yenu, wala msiwaogope wakubwa waketio ndani yake. Waulizeni swali lile lile. Na mtu akija kanisani kwa motokaa kubwa, na mwingine kwa miguu mitupu, kumbukeni alivyotuonya Yakobo katika sura yake ya pili, mkawape viti vya namna moja.

Kijana apendaye motokaa na aendelee kuipenda kazi hiyo. Ajifunze ufundi, afanye kazi kwa bidii, anunue kwa fedha iliyo yake, aendeshe bila ulevi, akijua ya kuwa watu waendao kando ya njia wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Na siku atakapokabidhiwa ufunguo, kwanza aombe. Asiombe tu alindwe na ajali, bali aombe apewe macho ya kumwona mtu wa miguu. Motokaa yenye watu watano ndani yake, mmoja wao akiwa mgonjwa aliyeokotwa njiani, hiyo ndiyo ya thamani mbele za Mungu, hata ikiwa rangi yake imebambuka.

Na tuombe: Ee Bwana Yesu, wewe uliingia Yerusalemu juu ya punda wa kuazimwa, nawe ulisimama njiani kwa ajili ya kipofu aliyekulilia. Tuondolee tamaa na majivuno. Vyombo ulivyotupa uvifanye kuwa vyako, na safari zetu utusimamishe pale unapotaka tusimame, hata tufike nyumbani kwa Baba tukifurahi. Amin.