Je, Mtu Aweza Kuwa Hakimu wa Kazi Yake?

Katika shule za Uingereza liko somo ambalo watu wazima wengi hulicheka. Ni somo la vyombo vya habari: magazeti, redio, sinema, televisheni, na sasa intaneti. Vijana wa miaka 17 na 18 hulisoma kwa kupenda wenyewe. Kwa miaka kadhaa, kabla ya mafundisho yale kubadilishwa kuanzia 2017, wengi wao walichagua kazi hii: kutengeneza video ya wimbo, mfano wa zile ambazo makampuni ya muziki huzitoa ili kumtangaza mwimbaji. Basi wakatwaa kamera, wakatwaa wimbo wa mtu mwingine, wakamwomba rafiki asimame mbele yao na kuchezesha midomo kana kwamba ndiye aimbaye. Halafu wakakaa siku nyingi mbele ya kompyuta, wakikata picha na kuziunga zipate kufuata mapigo ya ngoma.

Hadi hapo hakuna la ajabu. Jambo linalotuvuta sisi ni lile lililofuata. Katika mtihani wa baraza liitwalo OCR, mwanafunzi aliulizwa swali la alama 25: chagua kazi moja uliyoitengeneza, uichunguze kwa wazo moja la elimu hii, kama vile masimulizi, au watazamaji, au namna watu wanavyoonyeshwa. Ndiyo kusema, yule yule aliyeitengeneza video aliketishwa aihukumu, na nadharia za wataalamu zikiwa mizani yake.

Je, yawezekana? Twaona yawezekana, lakini ni vigumu kuliko wengi wanavyodhani. Tena ugumu wenyewe ni wa dhamiri kuliko wa akili.

Tumtazame kwanza Andrew Goodwin, aliyeandika kitabu juu ya video za nyimbo mwaka 1992. Wakati huo stesheni ya MTV ya Marekani, iliyoanza tarehe 1 Agosti 1981, ilikuwa imekwisha kuzieneza video hizo mahali pengi. Goodwin aeleza kwamba picha zaweza kuyaonyesha maneno ya wimbo jinsi yalivyo, au kuyaongezea maana, au kwenda njia nyingine kabisa. Walimu wanaomfuata hufundisha pia kwamba kampuni hupenda uso wa mwimbaji uonekane karibu, tena mara nyingi, kwa kuwa uso huo ndio bidhaa.

Sasa fikirini. Mwanafunzi hana kampuni, na rafiki yake hatauza hata santuri moja. Mbona basi kamera inaukimbilia uso, na midomo, na nywele zinazopeperushwa? Hakuna aliyemwamuru. Mkono umefuata njia iliyokanyagwa na wengine, kama mguu unavyoijua njia ya kisimani hata usiku. Kwa hiyo anaposema, "Nimeitengeneza mwenyewe," neno hilo lahitaji kupimwa. Kamera aliishika yeye, jasho ni lake. Jicho je?

Juu ya jicho hilo aliandika mwanamke Mwingereza, Laura Mulvey, katika jarida la Screen mwaka 1975. Hakuandika juu ya video za nyimbo, maana zama zake zilikuwa bado. Aliandika juu ya sinema za Hollywood. Asema katika sinema zile mwanamume hutazama na kutenda, mwanamke hutazamwa. Jicho la kamera, jicho letu tuliokaa gizani, na jicho la mwanamume aliye ndani ya hadithi huwa kama jicho moja, na hadithi yenyewe husimama kidogo ili tushibe kutazama. Naye alisema waziwazi kwamba anauchambua utamu huo akikusudia kuuharibu. Tusilipite upesi neno hilo. Makala yake ni mashtaka.

Je, mwanafunzi aandika nini? Tuseme aandika hivi: "Nimetumia nadharia ya Mulvey, kwa sababu nilimwonyesha msichana kwa picha za karibu ili niwavute watazamaji wa kiume." Naye apata alama, kwani amemtaja mtaalamu na kuleta mfano unaopatana naye. Lakini huyo ni kama mtu aliyesomewa shtaka la wizi barazani, akajibu kwa furaha, "Naam, Bwana Hakimu, nimelitimiza vizuri kabisa."

Hatumlaumu sana kijana. Aandika mbio mbio, saa iko ukutani. Na neno lenyewe "kutumia nadharia" linapotosha, kana kwamba nadharia ni chumvi ya kutiwa chunguni, hali chungu kimekwisha kuepuliwa. Ndipo liingiapo jaribu jingine, la kudai kwamba kila kitu kilikusudiwa. Mvua ilinyesha siku ya kupiga picha, wakakimbilia ndani ya ukumbi mrefu wa shule. Miezi mitatu baadaye ukumbi ule umekuwa "ishara ya upweke". Je, ni uongo? Hapa yafaa kupambanua. Akisema, "Nilikusudia hivyo," ni uongo, hata kama ni mdogo. Akisema, "Tulikimbia mvua, lakini nikiitazama leo naona ukumbi ule wamfanya aonekane mpweke," amesema kweli, na zaidi ya hayo ameonyesha elimu kuliko yule wa kwanza. Maana yaweza kuingia kwa mlango ambao mtengenezaji hakuufungua.

Stuart Hall aliliona jambo hilo. Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1932, akafika Oxford kusoma mwaka 1951, na mwaka 1973 alitoa maandishi yake juu ya televisheni katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Kwa maneno yetu sisi, mtengenezaji huifunga maana kama mzigo, naye mtazamaji huufungua; lakini si lazima aufungue kama ulivyofungwa. Aweza kuukubali wote, au kukubali nusu na kubishana juu ya nusu, au kuukataa na kuusoma kinyume. Wanafunzi walimpenda Hall, kwa kuwa aliwapa namna tatu za watazamaji za kuandika haraka. Hata hivyo yuko mtazamaji mmoja anayesahauliwa kwa urahisi, naye ndiye aliye karibu kuliko wote: msichana aliyesimama mbele ya kamera.

Yeye naye huufungua mzigo. Labda apendezwa. Wako wanaopenda kuonyeshwa hivyo, wala sisi hatutasema kwamba hawana akili zao; Mulvey mwenyewe alirudi mwaka 1981 kuandika juu ya mwanamke anayetazama sinema, kwa sababu watu walikuwa wamemwuliza habari zake. Lakini labda ajiona amekatwa vipande, mdomo huku, bega kule, wala hajioni mwenyewe popote.

Mtu atasema ni mchezo wa shule. Lakini tangu YouTube ianzishwe mwaka 2005, wanafunzi wengi waliziweka video zao humo, na picha haikui pamoja na mtu. Msichana wa miaka 17 atakuwa mama wa watoto, na bado yuko pale akichezesha midomo kwa wimbo wa mtu mwingine. Nasi tunaosoma habari hizi mbali na Uingereza tusijione tuko salama. Mwenye simu mkononi, awe Lubumbashi awe London, aweza kumpiga picha mtoto wa jirani akicheza na kuieneza kabla ya jua kuchwa.

Basi hukumu ya haki ingekuwaje? Twadhani mwanafunzi angekaa na rafiki yake kabla video haijakwisha, amwonyeshe yote, amwulize: wapi unajiona, wapi hujioni? Na siku ya mtihani aandike waziwazi: hapa nilifuata njia ya makampuni bila kujua; hapa alikataa, tukaondoa; hapa alikataa, nami nikaacha vile vile kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Sentensi hiyo ya mwisho ni nzito kuiandika.

Katika swali lile la OCR, alama 10 zilikuwa za maelezo na hoja, 10 za mifano, na 5 za kutumia maneno ya kitaalamu. Jibu la msichana lingehesabiwa wapi? Labda katika mifano.