MWALIMU ALIYEACHA CHAKI, JE, ANA HAKI YA KUIRUDIA?

Masomo: Yohana 21:1-17, Mathayo 20:1-16, Yakobo 3:1



Katika parokia zetu za kando ya ziwa, toka Kavimvira mpaka Mboko na Baraka, wako ndugu na dada wengi ambao zamani walikuwa walimu. Leo mmoja anauza ndagala Kalundu, mwingine analima mpunga katika bonde la Ruzizi, mwingine alikwenda kutafuta dhahabu Misisi, mwingine anavusha bidhaa mpakani. Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za umma kama Katiba ya mwaka 2006 inavyoagiza katika kifungu cha 43, wengi wao wanajiuliza kama warudi darasani. Na waamini wanatuuliza sisi mashemasi: mtu aliyeacha watoto miaka kumi au ishirini, ana haki gani ya kusimama tena mbele yao?

Wapendwa, swali hili si la mshahara tu. Ni swali la dhamiri, tena linagusa Kanisa letu, kwa maana tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, sisi Wakimbangu nasi tumekabidhiwa kuongoza shule. Tulichunguze bila hasira.

Tukumbuke kwanza namna walivyoondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu uligeuka karatasi isiyonunua hata unga wa wiki moja. Migomo ikafunga shule, kisha wazazi wakaanza kuchanga primu ili mwalimu aweze kubaki. Sisi tuliokuwa wanafunzi wakati ule tunajua: mtoto asiye na primu alirudishwa nyumbani, na mwalimu aliyemrudisha naye alikuwa na njaa. Oktoba 1996 vita vikafika Uvira, na Agosti 1998 vikaanza vingine. Wengi wakavuka ziwa kwenda Kigoma, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Kule wako walioendelea kufundisha, na wako walioacha kabisa. Waliporudishwa kwa meli mpaka Baraka, kuanzia mwaka 2005, walikuta maisha mengine.

Je, kuondoka kwao kulikuwa dhambi? Hapana. Paulo mtume anafundisha kwamba asiyetunza watu wa nyumba yake ameikana imani, naye mwenyewe alishona mahema ili ale. Baba aliyeweka chaki chini ili watoto wake wasilale njaa hatuwezi kumhukumu. Lakini kutokuwa na dhambi ya kuondoka si sawa na kuwa tayari kurudi. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanafikiri kwamba kwa kuwa waliondoka kwa haki, basi mlango wa kurudi uko wazi bila sharti. Sharti liko, nalo tulipime kwa maneno matatu ambayo kila Mkimbangu anayajua: Upendo, Amri na Kazi.

Kwanza, UPENDO. Petro naye alirudia nyavu zake, akavua usiku kucha asipate kitu. Sisi watu wa ziwa tunaujua usiku wa namna hiyo. Bwana alipomwita tena hakumwuliza alikuwa wapi, wala samaki wangapi aliuza. Alimwuliza mara tatu kama anampenda. Tena angalieni utaratibu: kazi ya kwanza aliyompa ni kulisha wana-kondoo, yaani wale wadogo, ndipo akataja kondoo. Basi wewe unayetaka kurudi, jiulize hivi: kama biashara ya ndagala ingekuwa inaendelea vizuri, je, ningewakumbuka watoto? Si dhambi kutaka mshahara. Lakini kama mshahara ndio sababu peke yake, utaondoka tena siku utakapochelewa, na watoto wataachwa mara ya pili.

Tusisahau jambo lingine katika habari hiyohiyo. Kabla ya kumpa Petro kazi, Bwana aliwasha moto, akawalisha wanafunzi wake samaki na mkate. Alimlisha mchungaji kwanza, ndipo akamtuma kulisha kundi. Wale wanaosema mwalimu afundishe kwa wito tu, bila kulipwa, wasome tena mistari hiyo. Yakobo anasema kwamba mshahara uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinafika kwa Mungu.

Pili, AMRI. Wengi wanaorudi hupenda mfano wa shamba la mizabibu, ambapo aliyeingia saa kumi na moja alilipwa sawa na aliyeingia asubuhi. Ni mfano wa kweli na wa faraja. Lakini usomeni mpaka mwisho: hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyefukuzwa shambani ili yule wa saa kumi na moja apate nafasi. Mwenye shamba alimwongeza huyu bila kumtoa yule. Kwetu, katika shule nyingi wako vijana wanaofundisha bila kulipwa na serikali, wakingoja matrikule mwaka baada ya mwaka. Wao ndio walioshika darasa lilipokuwa halina mtu. Ukitumia ujuano kwa wakubwa ili kijana huyo atolewe na wewe uketi mahali pake, umevunja amri ya kutotamani mali ya jirani yako. Na kama jina lako lilibaki kwenye listi ya mshahara wakati mwingine akishika chaki, usirudi kabla ya kusema ukweli huo na kuutengeneza.

Tatu, KAZI. Yakobo anaonya kwamba wasiwe wengi wanaotaka kuwa walimu, kwa kuwa hukumu yao ni kubwa zaidi. Miaka haikukungoja. Mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari uliouacha, leo ni darasa la saba na la nane la elimu ya msingi, na hesabu na sayansi zimepata programu mpya. Tangu masomo yawe bure, madarasa yamejaa kupita kiasi. Basi anayerudi arudi kama mwanafunzi: aketi nyuma ya darasa la mwenzake, hata kama mwenzake ni mdogo wake kwa umri, aandike matayarisho yake kila jioni, akubali kusahihishwa. Kumfundisha mtoto jambo ulilolisahau ni kumpa jiwe badala ya mkate.

Wala asidharau miaka aliyokuwa nje. Musa alichunga kondoo Midiani miaka arobaini, akarudi kuongoza watu katika jangwa lilelile alilolijua kwa miguu yake. Aliyeuza sokoni anaijua faida na hasara kuliko kitabu. Aliyeishi kambini anamwelewa mtoto aliyepoteza nyumba. Na Papa Simon Kimbangu, mwito ulipomjia mwaka 1918, alikwenda kwanza Kinshasa kutafuta kazi, kisha akarudi Nkamba, na tarehe 6 Aprili 1921 kazi ya Mungu ikaanza mikononi mwake. Kurudi si aibu.

Basi jibu letu ni hili: haki ya kurudi ipo, lakini haitoki katika miaka uliyofundisha zamani. Inatoka katika namna unavyorudi leo. Nanyi wazazi, msimcheke mwalimu mwenye mvi anayejifunza upya. Nasi viongozi wa Kanisa, tusimpokee anayerudi kwa kumsahau aliyebaki.

Bwana awape walimu wetu wote nguvu na mkate wa kila siku. Amina.