Nafasi ya Jenerali Haitangazwi Gazetini

Mtaani kwetu hapa Mpanda yuko mzee mmoja, sajenti mstaafu, tunayemwita Afande mpaka leo. Vijana waliomaliza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hupita kumwamkia, naye huwauliza swali lilelile: "Mkufunzi wako alikujua jina?" Akijibiwa hapana, husonya.

Ana sababu. Jeshi likikosa mhasibu litatangaza nafasi. Likikosa brigedia, halina pa kumtoa ila miongoni mwa waliovaa sare miaka ishirini na zaidi iliyopita. Kapteni hodari akiacha kazi leo, pengo lake litaonekana wengi wetu tukiwa hatupo.

Tanganyika ililionja pengo la namna hiyo Januari 1964. Askari waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, kisha Tabora, kulekule tunakokwenda kwa treni kupitia Kaliua. Walitaka mishahara mizuri na maofisa Waafrika, ambao mkoloni aliwaandaa wachache mno. Mwaka huohuo Mirisho Sarakikya, kapteni aliyesomea chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza, akakabidhiwa jeshi zima akiwa na miaka 30 hivi. Tulibahatika. Lakini David Musuguri alipitia njia ndefu: aliingia jeshi la mkoloni, King's African Rifles (KAR), mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Miaka 38 hiyo.

Maofisa wa ngazi ya kati unawabakizaje jeshini? Mshahara na nyumba ni muhimu, asikudanganye mtu. Ila naamini kinachomvunja moyo ofisa kijana ni kuona anayejua kumsifu bosi akipanda cheo kabla ya anayejua kazi. Afande anamkumbuka luteni mmoja mchanga aliyemfuata usiku: "Sajenti, nifundishe kusoma ramani hii, watu wasijue." Akamfundisha kwa tochi, asubuhi akampigia saluti kama kawaida. Kozi ya namna hiyo haina cheti, lakini bila masajenti wa aina yake sijui chuo cha maofisa cha Monduli kingefika wapi.

Tatizo hili si la jeshini tu. Mwaka 2016 mkoa wetu wa Katavi uliletewa Mkuu wa Mkoa, Meja Jenerali mstaafu Raphael Muhuga, aliyewahi kuongoza JKT. Sina neno na hilo. Ninachoshangaa ni sisi raia: ofisi ikizorota tu, utasikia, "Tuleteeni mwanajeshi!" Afande huwacheka. Huuliza mtendaji wa kata mwenye miaka mitano kazini anafundishwa na nani, na nani anamwandaa awe mkurugenzi. Mpaka sasa hajapata wa kumjibu, nami nikiwemo.