Kosa la mtoto wa miaka 9 ni gani?



Leo tuwaze pamoja juu ya neno moja: mtu akipatwa na msiba, ni haki kumhesabu kuwa yeye ndiye aliyeuleta?

Kuna filimu ya Uhindi, katika lugha ya Kikannada, inayoitwa Phaniyamma. Mama Prema Karanth aliitengeneza, ikatoka mwaka 1983. Habari yake inatoka katika kitabu cha mwaka 1976 cha Mama M. K. Indira, aliyeandika maisha ya mwanamke wa kweli wa ukoo wake.

Phaniyamma ni mtoto wa Wabrahmani. Anaolewa akiwa na miaka 9. Kisha bwana wake, mtoto kama yeye, anakufa. Basi yeye anaitwa mjane, naye hajajua bado ndoa ni kitu gani. Desturi inamvunjia bangili, inamnyoa nywele, inamkataza mapambo na chakula kizuri, inamfungia njia ya kuolewa tena. Na tena inasema kwamba mjane ni alama mbaya: asionekane penye arusi, asikutane na mtu anayeanza safari.

Watetezi wa desturi hiyo wanasema: nyota zilikwisha kuandika. Tena kabla ya ndoa wazee wanapima nyota za bwana na bibi. Vema, tuwajibu kwa maneno yao wenyewe. Kama kifo cha bwana kiliandikwa juu mbinguni, mtoto huyu amekosa nini? Na kama ni yeye aliyekosa, basi nyota hazikuandika kitu. Hawawezi kushika maneno yote mawili pamoja. Kweli ni hii: watu waliogopa kifo, wakatafuta mtu wa kubeba woga wao, wakamkuta aliye mdogo, asiyeweza kujibu.

Lakini kuna neno gumu zaidi. Phaniyamma alitii. Alifanya kazi za nyumba za wengine, akazeeka hivyo, bila kugombana na mtu. Utii huo ni wema, ao ulisaidia desturi kuishi? Mtu anaweza kusema: kama angekataa, wengine wangepona mapema. Ndiyo, lakini mtoto wa miaka 9 angekataa kwa nguvu gani? Mzigo ule usihesabiwe juu yake. Uhesabiwe juu ya wakubwa waliomtwika.

Tutazame alilofanya alipokuwa mzee, mwenye kuheshimiwa. Mwanamke wa tabaka la chini alishindwa kuzaa. Desturi ilimkataza Phaniyamma hata kumgusa, akaenda, akamzalisha. Baadaye Dakshayini, mjane kijana, akakataa kunyolewa. Watu wa nyumba walikasirika. Phaniyamma, aliyenyolewa maisha yake yote, akasimama upande wa yule kijana. Hakusema: mimi niliteswa, na wewe uteswe vilevile.

Hapo ndipo tunapata jibu. Kubeba mzigo wako mwenyewe kwa uvumilivu kunaweza kuwa wema. Kumtwika mwingine kwa sababu wewe uliubeba, huo si wema hata kidogo, hata tukiuita heshima ya wazee.

Sheria ilikuwako. Mwaka 1856 sheria ya Uhindi iliruhusu wajane Wahindu kuolewa tena. Mwaka 1929 ilitungwa sheria ya kukataza msichana kuolewa kabla ya miaka 14. Lakini sheria haiingii jikoni. Jikoni anaingia bibi mzee, na neno lake moja linaweza kumfunga mtoto ao kumfungua.

Basi wewe mama mkwe, wewe baba wa ukoo, ujiulize: mzigo uliokuumiza zamani, leo umeuweka juu ya kichwa cha nani?