Jumamosi Hii, Panda

Mura, na wewe dada unayesoma hapa, wiki imekwisha. Umelima, umechunga, umeendesha bodaboda Nyamongo mpaka kiuno kinauma. Sasa nakuomba jambo moja: Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, toka hapo kwenu Genkuru ukapande mlima. Usimfuate mbuzi aliyepotea, wala usiende kukata kuni. Panda kwa sababu miguu ni yako na vilima hivi ni vya kwenu.

Tumezoea kuvitazama vilima vya Tarime kwa hesabu ya mali. Tangu mgodi wa North Mara uanze kutoa dhahabu mwaka 2002, majina kama Gokona na Nyabirama tunayataja tukimaanisha mashimo. Mtoto wa hapa atakwambia bei ya gramu moja kabla hajakutajia jina la kilima alichokulia chini yake. Hilo linaniuma. Watu wanavuka bahari kuja Serengeti, nchi inayoanzia hapo tu ng'ambo ya Mto Mara, nasi tuliozaliwa mlangoni pake hatujasimama juu hata robo saa tukaitazama.

Unasema kutembea bila shughuli ni mambo ya wazungu? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, mtoto wa mkoa huu huu, alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Ni zaidi ya kilomita 200. Alikuwa na miaka 45, alikuwa Rais, na magari yalikuwepo.

Mzigo wako uwe mwepesi: viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, ndizi mbivu, lita tatu za maji, sweta. Katambuga zilizokazwa vizuri zinatosha. Kandambili ziache nyumbani, zitakuangusha. Usiende peke yako, na mwambie mtu njia mnayopita. Eneo la mgodi na mipaka ya hifadhi msiiguse kabisa.

Nusu saa ya kwanza moyo utakudunda hadi masikioni, na utatamani kurudi. Usirudi! Punguza mwendo, pumua, usishindane na mwenzako. Umande utakulowesha mpaka magotini. Halafu utafika kwenye mawe makubwa, bado yana baridi ya usiku. Weka kiganja juu ya moja. Utaona madoa ya rangi ya majivu na ya chungwa, na kwenye ufa mwembamba jani moja la kijani limeota penye udongo usiojaza hata kijiko. Mimi kila nikiliona jani la namna hiyo nachuchumaa mbele yake, na uchovu wangu naona aibu kuutaja.

Kaa hapo juu. Ukungu utaanza kuinuka bondeni, mabati yatang'aa moja moja, na utalitafuta la kwenu kwa kidole. Zima simu. Vile viazi havijawahi kuwa vitamu hivyo.

Usiku lala kwa shangazi au binamu; nani katika Wakurya amekosa ndugu kijiji cha pili? Jumapili, mkiwa na nguvu, shikeni barabara ya Mugumu kuelekea daraja la Mto Mara. Mto huo umetoka milima ya Mau huko Kenya, umepita katikati ya nyumbu na pundamilia, na sasa unateremkia Ziwa Victoria. Utazameni mkiwa darajani. Msishuke ukingoni: mamba na viboko wapo, nao hawajali kwamba mmekuja kupumzika.

Kiangazi cha Juni hadi Septemba njia huwa kavu, lakini usiifanye hiyo sababu ya kungoja. Mpigie rafiki mmoja leo jioni. Mwambie mkutane barabarani kabla jogoo wa pili hajawika, na yeye abebe ndizi.